Gemu si mke mwenzio, biharusi



Leo hatuna hina, hatuna singo, hatuna mapishi. Leo tuna ugomvi, na wa kwanza kugombwa ni sisi wenyewe.

Mnamkumbuka biharusi wetu wa Pasiansi, yule tuliyempeleka Mwanza na masanduku manne na udi wa kutosha mtaa mzima? Kabla hajaondoka Unguja, somo wake alimkalisha mkekani akampa usia. Usia wote ulikuwa mzuri ila mmoja. Alimwambia: "Mwanangu, siku hizi mke mwenzio humkuti nyumba ya pili, yumo ndani ya TV. Usipomtoa mwezi wa kwanza, hutomtoa tena." Tukacheka, tukapiga vigelegele, na mmoja wetu akayaandika maneno yale kwenye simu ili tuje tuyaweke hapa kama nasaha. Alhamdulillahi hatukuwahi.

Biharusi aliyashika. Mumewe anafanya biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba. Anatoka alfajiri, anarudi ananuka ziwa, anakoga, anasali Isha, kisha anakaa sebuleni na mdogo wake wa miaka 13 wanacheza gemu. Na gemu yenyewe ni ile ya wizi wa magari, Grand Theft Auto, toleo la San Andreas. Wiki ya tano biharusi akachomoa waya, akaukunja vizuri kama mkufu, akampa mavyaa wake (huko bara wanasema mama mkwe) aufungie kwenye sanduku. Akatutumia picha ya sanduku limetiwa kufuli. Sisi tukamjibu kwa nyoyo na maua.

Wiki tatu hazikutimia. Mume akahamia kijiweni kwa wenzake, anarudi saa sita usiku. Yule shemeji, mtoto wa watu, akakutwa kwenye banda la gemu njia ya uwanja wa ndege, Magharibi imeshapita. Banda lile padi za gemu ziko upande mmoja, na upande wa pili zimepangwa mashine za dubwi, zile za kutumbukiza sarafu ya 200 ukingoje bahati. Mtoto alikwenda kutafuta gemu aliyonyimwa nyumbani, akatoka amejifunza kamari. Sarafu alizichota kwenye kopo la mavyaa la fedha za mboga. Baba yake alimpiga mpaka akalala kifudifudi siku mbili. Biharusi alitupigia simu analia: "Mimi ndiye niliyemtoa ndani."

Hapana, dada. Tulimtoa sote. Tulimtoa kwa vigelegele.

Kwa hivyo tunasema, na atakayekasirika akasirike: usia huu wa "mke mwenza wa kwenye TV" ni usia wa watu ambao hawajawahi kukaa dakika kumi mbele ya hiyo TV. Tunalaani kitu kwa jina lake. Tukisikia gari linagongwa na mtu anapiga yowe tunasema fujo, ushetani, zima. Hatuulizi fujo ile kaipanga nani. Na kumbe swali lote limo hapo.

Likizo ya skuli ilipofika tulikwenda Pasiansi watatu. Kwa sisi tuliozaliwa maji ya chumvi, ziwa lile bado linatushangaza, lina mawimbi kama bahari na ukilionja halina chumvi. Siku ya pili tulimuomba mavyaa afungue sanduku. Aliona haya kwa ajili yetu, nadhani, lakini mgeni hakatazwi. Shemeji akaunganisha nyaya, tukakaa mkekani wanawake wote wa nyumba, na wifi wa miaka 16 akasimama mlangoni kwa sababu hakuzoea kuitwa kwenye kitu hiki.

Tulimwambia, "Tuoneshe unavyocheza." Tulitarajia damu. Mtoto akaiba lori, ndiyo, hilo hatulifichi. Akalipeleka barabara kubwa, akaliegesha katikati likafunga njia zote mbili. Kisha akaweka padi chini, akangoja.

Magari yakaanza kujipanga na kupiga honi. Mmoja akajaribu kupita pembeni akamgusa mwenziwe. Jengine likapinduka, na katika gemu ile gari likilala chali linashika moto. Watu wakakimbia. Ikaja ambulensi, wallahi ikamgonga mtu mwengine njiani, na mganga akashuka mbio kumshughulikia. Tulijikuta tunacheka mpaka mavyaa akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akauliza, "Sasa haya yote kayapanga nani?"

Mtoto akajibu, "Hakuna aliyepanga, mama. Imetokea tu."

Jibu lile tulilibeba mpaka Unguja. Na ni kweli. Walioitengeneza hawakuandika popote kwamba lori likiegeshwa pale, ambulensi imgonge mtu. Walichofanya ni kumpa kila mmoja kanuni yake ndogo. Dereva afuate njia yake, anayesikia risasi akimbie, ambulensi iende penye majeruhi kwa haraka, polisi amfukuze mwizi. Halafu wakawaachia mji. Kanuni zikikutana ndipo vioja vinazaliwa. Ukitaka kuelewa, simama njia panda ya Pasiansi saa kumi na mbili jioni. Bodaboda ana kanuni yake, daladala ana yake, mama wa mahindi ya kuchoma ana yake, na mbuzi naye ana yake. Hakuna aliyekaa usiku akaipanga ile fujo.

Hata gemu yenyewe ilizaliwa hivyo. Ilitengenezwa Dundee, Uskoti, na kampuni iliyoitwa DMA Design, ikatoka 1997. Mwanzoni ilikuwa gemu ya mashindano ya magari, polisi na wezi, wala haikuwa tamu. Kisha likatokea kosa kwenye hesabu za magari ya polisi. Badala ya kumfukuza dereva kwa utaratibu, wakawa wanamvamia na kumgonga kama waliopagawa. Waliokuwa wakiijaribu wakakataa kuiacha. Kosa likabakishwa, na leo toleo moja tu, la tano, lililotoka Septemba 2013, limeuzwa zaidi ya nakala milioni 200.

Sasa tugeuke upande wa pili, maana hatukuja kuipamba. Ndani ya diski ileile kuna sehemu iliyopangwa, tena kwa makini. Zinaitwa kazi. Unapewa amri, na usipoifuata kama walivyotaka unaambiwa umeshindwa, rudia. Vijana wote wa San Andreas wanaikumbuka kazi ya kuifukuza treni kwa pikipiki huku mwenzako kakaa nyuma anapiga risasi. Ukiacha kuambatana na treni tu, umekwisha. Humo hakuna uhuru, kuna mwandishi anayekushika mkono.

Na mwandishi huyo anataka nini? Ipo kazi moja ambayo wajenzi wamempigia miluzi dada wa mhusika mkuu. Sisi wanawake tunaijua miluzi ile. Basi kaka mtu anatumwa akabomoe eneo lote la ujenzi, na mwisho msimamizi wao, akiwa ndani ya choo cha plastiki, anasukumiwa shimoni na kumwagiwa zege akiwa hai. Kazi hiyo haina njia nyengine ya kuimaliza. Huwezi kwenda kuzungumza, huwezi kumuuliza dada mwenyewe anataka nini. Hayo hayakutokea tu. Hayo waliandika watu wazima, wakalipwa mshahara, ikawa ni kichekesho. Kadhalika wanawake wanaocheza nusu uchi kwenye kumbi zao na wale wanaokodishwa njiani: wamechorwa, wametiwa sauti, wamewekwa pale kwa makusudi. Mwaka 2005 ikagundulika kwamba ndani ya diski ya San Andreas mlifichwa sehemu ya uchafu wa chumbani kabisa. Marekani ikapandishwa daraja kuwa ya watu wazima tu, na maduka makubwa yakaiondoa. Nayo ile si fujo. Ni maandishi.

Kuna jambo jengine tuliliona sisi kwa sababu ni kina mama. Mji ule mzima hauna mtoto hata mmoja. Tulizunguka na shemeji karibu saa nzima, mabarabara, ufukweni, jangwani. Wazee wapo, mbwa hawapo, watoto hawapo. Mavyaa ndiye aliyeuliza kwanza: "Mbona hawa hawazai?" Watengenezaji hawawaweki watoto humo, maana wanajua mchezaji atafanya nini. Kwa hivyo na wao wanaijua mipaka, wakitaka.

Basi dada, ukiisikia TV inapiga kelele, usiulize kama kuna fujo. Uliza kama anafanya alichoamriwa au anafanya alichobuni. Mumeo akiwa anajaribu kupandisha basi juu ya paa la nyumba kwa saa nzima, na mdogo wake kaanguka kwa kicheko, huo ni mchezo. Ni mchezo wa kijinga, lakini mchezo wa kijinga haujavunja ndoa ya mtu. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa, na Mtume (s.a.w.) alipomuuliza farasi gani huyo mwenye mbawa, alipata jibu la kitoto likamchekesha. Hakumkunjia uso. Alimuuliza, akasikiliza.

Tunajua mtatujibu nini. Mtasema mtoto akizoea kuiba kwenye TV ataiba dukani. Tusikilizane hapa bila ya jazba. Ni kweli mwaka 2008 huko Thailand kijana mmoja alimuua dereva wa teksi, akasema alitaka kuona kama ni rahisi kama kwenye gemu, na msambazaji akasitisha kuiuza. Jambo zito, hatulipuuzi. Lakini tukio moja halijawa kanuni. Watafiti wa Oxford mwaka 2019 waliwatazama vijana zaidi ya 1,000 wa Uingereza wa miaka 14 na 15, hawakuona kwamba wanaocheza gemu za ukatili ni wakorofi kuliko wenzao. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani nacho mwaka 2020 kilisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzitwika gemu hizi uhalifu wa kweli, ijapokuwa wanakubali kwamba zinaweza kuongeza ukali mdogo mdogo, wa kufoka na kusukumana. Ukali wa kufoka na kusukumana! Masikini shemeji wetu, fimbo aliyopigwa nyumbani ilikuwa ya kweli, haikutoka kwenye diski.

Tena Pasiansi ina chuo cha askari wa wanyamapori tangu 1966. Watoto wa jirani pale wanacheza mchezo juu ya mawe, majangili na askari. Tuliwatazama alasiri nzima. Unadhani nani anagombaniwa? Jangili. Kila mmoja anataka kuwa jangili, kwa sababu jangili ndiye anayekimbia, anayejificha, anayebuni. Askari anafuata tu. Hatukusikia mzazi hata mmoja akiwaita ndani akihofia ndovu wa Serengeti.

Wanaopaswa kuogopwa wako kwengine, na hapa ndipo tunapowashangaa waheshimiwa wanaosimama kuilaani gemu halafu wanapita mbele ya dubwi kama wanapita mbele ya duka la sukari. Dubwi halina mchezo ndani yake. Mtoto haamui kitu, habuni kitu, anatumbukiza sarafu na mashine imeshapangwa imle. Hakuna kilichoandikwa kwa ukamilifu zaidi ya dubwi. Hata hao wenye Grand Theft Auto walilijua hilo. Mwaka 2019 walijenga kasino ndani ya ile gemu yao ya mtandaoni, unaingia na fedha za gemu, na hizo unaweza kuzinunua kwa fedha za kweli. Nchi kadhaa sehemu ile ikawa haifunguki. Kamari ni kamari, iwe na taa za rangi au iwe kwenye banda la mabati. Ukitaka kuchomoa waya, anza na huo.

Tusiisahau na saa. Mume anayekesha akakosa Alfajiri, akalala dukani, akakasirika ukimsemesha, huyo ana tatizo na usilifunike kwa sababu tumeitetea gemu. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya maradhi, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini someni masharti yake: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia kila kitu, anaendelea na huku anaona inamharibia, na kwa kawaida hali hiyo imedumu kama miezi 12. Mume anayecheza baina ya Isha na saa nne na mdogo wake, kwenye sebule ya mama yake, hajaingia humo. Biharusi wetu alimhukumu kwa wiki tano.

Turudi kwa wifi, aliyesimama mlangoni. Tulimpa padi. Akasema, "Mimi sijui, hivi ni vya wavulana." Miaka 16, na ndani ya nyumba yao wenyewe hajawahi kuishika. Banda hatoingia, na hatutaki aingie. Kwenye mawe ameshakatazwa, amekua. Kuogelea ziwani ndo usiseme. Kaka zake wana mji mzima wa kuharibu, yeye ana sinia la mchele wa kuchambua. Akaendesha gari kwa adabu, kasimama kwenye taa nyekundu peke yake mji mzima, akagongwa nyuma, akasukumwa akaligusa gari la polisi, nyota ikawaka juu ya kioo. Nyota ndiyo alama kwamba unatafutwa. Basi akakimbizwa hivyo hivyo, mnyonge wa Mungu, anapiga kelele "Sikufanya kitu! Sikufanya kitu!" na nyota ya pili ikawaka. Hatujacheka hivyo tangu usiku wa hina. Mnaotufundisha kuwanyang'anya wanaume michezo yao, mbona hamjawahi kutuuliza sisi yetu iko wapi?

Mliotuuliza tumeamua nini, hatukuafikiana sote. Diski ile imeandikwa kwamba ni ya watu wazima, na wawili kati yetu tunaona miaka 13 ni midogo mno kwa zile kazi. Tukakubaliana na mume kwamba mtoto azurure tu mjini na malori yake, kazi zisiguswe, na mtu mzima awepo chumbani. Mmoja wetu hakubali hadi leo, anasema huwezi kumfungulia mtoto mlango wa danguro ukamwambia apite ukumbini tu asitazame vyumbani. Hatukumjibu vizuri, na hoja yake ina nguvu. Anataka watafutiwe gemu nyengine ya kujibunia, kama ile ya matofali, Minecraft, na tungekubali mara moja isingekuwa mashine iliyopo ni ya zamani haiichukui. Adhana ikisikika padi inawekwa chini, hilo halikuwa na mjadala. Funguo ya sanduku sasa anayo biharusi, na mume amerudi kutoka kijiweni, ijapokuwa anadai aliacha mwenyewe.

Baba mkwe ndiye bado. Anasema sisi tumetoka visiwani kuja kuharibu nyumba yake. Hatukubishana naye, ni mzee wetu. Usiku wa mwisho shemeji alikuwa anaendesha lori pwani ya ule mji wake, mavyaa pembeni anamwelekeza kama utingo, kushoto, kushoto mwanangu. Mzee akapita na birika la kutawadhia. Akasimama nyuma ya pazia, tukamuona miguu.

"Hilo lori linakwenda wapi?" akauliza.

Mtoto hakugeuka. "Popote, baba."

Mzee alisimama pale kidogo, kisha akaenda kutawadha.